Iendeshe Mara Moja

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatano, mashine ya Butiama ilianza kufuta. Ilimaliza saa nne na dakika kumi na nne. Nina uhakika na saa hizo kwa sababu mashine huwa haikadirii. Inajiandikia yenyewe kila inachofanya katika daftari lake, ambalo sisi huliita logi, na daftari hilo nimelisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote nilicho nacho nyumbani.

Mimi wakati huo nilikuwa Bunda, mtaa wa Kabasa, nimeinama mbele ya mashine nyingine. Simu yangu ilikuwa mfukoni, nimeinyamazisha.

Tulikuwa kikundi kidogo cha kurekodi vipindi vya redio kwa wakulima, wafugaji na wavuvi: lini kupulizia pamba, namna ya kuogesha ng'ombe, jinsi ya kukausha dagaa bila kuwamwaga mchangani. Redio mbalimbali zilivichukua vipindi hivyo na kuvirusha. Tulikuwa na ofisi tatu, Musoma, Bunda na Butiama, na kila ofisi ilikuwa na seva yake moja. Neno seva huwatisha watu. Kwetu ilikuwa kompyuta ya kawaida, haina kioo, imewekwa juu ya meza mbali na dirisha, haizimwi. Ya Musoma ilikuwa ya kukusanya vipindi vilivyokamilika. Ya Bunda ilivituma kwenye redio. Ya Butiama ilikuwa ghala la sauti ghafi, yaani kila kilichorekodiwa kabla hakijakatwa: vikohozi, vicheko, mtu anayekosea na kurudia, jogoo wa jirani.

Mimi ndiye niliyezitunza zote tatu. Sikusomea kazi hiyo. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kwa miaka kumi na minne, na kiwanda kilipofungwa nilijifunza kompyuta nikiwa na miaka arobaini, kwa kurasa nilizochapisha na kuzitoboa na kuzifunga kwa uzi. Kwenye mizani nilijifunza jambo moja ambalo lilinisaidia baadaye: andika kwanza, ndipo uamini.

Kazi za seva nilizigawa katika sehemu mbili za daftari langu. Sehemu ya kwanza niliiita KAZI ZA KILA SIKU. Hizo mashine huzifanya yenyewe, kama kuhamisha vipindi vipya kila asubuhi. Sehemu ya pili niliiita KAZI ZA MARA MOJA. Hizo ni zile unazofanya siku moja, kwenye mashine moja, halafu basi: kubadili majina ya mafaili, kuhamisha folda, kusafisha diski. Wenzangu waliogopa zile za kila siku kwa sababu ni nyingi. Mimi niliogopa hizi nyingine. Ya kila siku ikikosea leo, utaiona na kesho utairekebisha. Ya mara moja haina kesho.

Kwa hiyo nilizifunga kwa makufuli. Kila skripti ya kazi ya mara moja, yaani karatasi ya maagizo ambayo mashine inaisoma mstari kwa mstari, ilianza kwa kuiuliza mashine jina lake. Kama imeandikwa kwa ajili ya Butiama na mashine ikajibu kuwa ni Bunda, inasimama hapohapo. Kisha haifuti kitu kabla ya kukuonyesha orodha ya vitu itakavyofuta, na haiendelei mpaka uandike neno NDIYO kwa herufi kubwa. Ikimaliza inaacha alama, faili tupu lenye tarehe, na ukiiita tena inakataa. Kufuli hilo la mwisho nililiongeza baada ya skripti ya kubadili majina kuendeshwa mara mbili huko Bunda, vipindi vyote vikawa na majina mawilimawili kama mapacha.

Nilikuwa pia na sheria isiyokuwa kwenye skripti. Nikiwa ndani ya mashine, sipokei simu. Niliwahi kupokea, nikawa naongea na mtu wa Murangi kuhusu bei ya sato huku mkono unaandika, na nilipokata simu nikakuta nimeipa folda jina la sato. Tulicheka. Tangu hapo nikiingia, simu inanyamaza.

Makufuli yote hayo siku ile yalifanya kazi. Hakuna hata moja lililokosea, na hilo ndilo linalonichosha nikilifikiria.

Mke wangu alikuwa sauti ya Butiama. Alizaliwa huko, na vipindi vya Kizanaki vilikuwa vyake. Alisoma Kizanaki na Kiswahili katika kikao kimoja, kwa hiyo rekodi zake zote ziliingia folda moja, tukaipa jina zanaki. Miaka sita alirekodi. Mdogo wake wa kike, shemeji yangu, alikuwa ndiye anayekaa na mashine ya Butiama, anaiangalia umeme ukikatika, anaendesha kazi nikimtumia. Walikaa chumba kimoja siku nzima, mmoja mbele ya maiki, mwingine mbele ya kompyuta, wakinisema.

Mimi ndiye niliyekata rekodi zake. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha huku. Alisema, "Nilikuwaga nadhani ng'ombe akikohoa ni vumbi." Nilikata ga. Alisema, "Mama alikuwaga anapanda pamba mapema." Nilikata ga. Nilikuwa nimejisomea vitabu vya sarufi kwa bidii ileile niliyosomea kompyuta, na nilitaka mkulima wa mbali asikie Kiswahili kilichonyooka. Kazi yenyewe si ngumu ukiizoea; unaona sauti kwenye kioo kama milima midogo, unachagua kilima cha mwisho, unakiondoa.

Alipokuwa akisikiliza kipindi kilichokamilika alikuwa akimwambia mdogo wake, "Ameninyoa tena."

"Si ndiye uliyemchagua," shemeji alikuwa anajibu.

"Sikuchagua mtu. Niliolewa na mzani."

Sauti ghafi tuliziita makapi. Ni mimi niliyeleta neno hilo, nililitoa kiwandani. Pamba ikishatoka, kinachobaki ni makapi. Na katika utaratibu wa nakala niliouandika, vipindi vilivyokamilika viliwekwa mahali patatu, Musoma, Bunda na kwenye diski ya kabatini. Makapi yalikaa Butiama peke yake. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa wakati ule. Kisha mke wangu akaugua, akalazwa wiki tano, akafariki, na sasa ni mwaka wa tatu. Nilibadili mambo mengi nyumbani. Mstari ule wa utaratibu sikuubadili.

Wala sikuwa nimesikiliza makapi yake. Nilifungua folda mara mbili, nikaona orodha ya tarehe, nikafunga. Nilijiambia kuna siku yake.

Siku hiyo ilikuja kupitia mama mkwe. Familia ilipanga kusimika msalaba kaburini baada ya pamba kuuzwa, watu wakiwa na nafasi ya kusafiri. Kwa desturi ya huko mimi sikai chumba kimoja na mama mkwe, wala simsemeshi moja kwa moja, kwa hiyo maneno yake yananifikia kupitia shemeji. Shemeji alinipigia simu.

"Mama anataka kumsikia dada. Siku ya msalaba."

"Nitaleta vipindi," nilisema. "Nitachagua vizuri."

"Vipindi hataki. Ngoja nikuambie alivyosema." Akatafuta Kiswahili cha maneno ya mama yake. "Amesema, huyo wa redio nimemsikia. Nataka yule anayeongea kama mtu."

"Makapi?"

"Usiyaite hivyo mbele ya mama."

Nilimwahidi. Nilisema atayapata, na wakati nikisema hivyo nilijua ni mimi pia niliyekuwa nayataka, ila nilihitaji mtu mwingine ayaombe kwanza.

Ahadi hiyo iliangukia wakati diski ya Butiama imejaa. Ilibaki nafasi ya wiki tatu hivi. Katibu wetu, ambaye ni mtu mwepesi wa kutoa fedha ya kifaa kuliko fedha ya chai, aliniambia tununue diski nyingine, hela ipo. Nilikataa. Nilimweleza kwamba Musoma kuna diski ya zamani yenye nafasi ya kutosha. Nitanakili rekodi kuukuu zote kutoka Butiama kwenda Musoma kupitia mtandao, nizihakiki, kisha Butiama tuzifute kwa kazi moja safi. Hakuna haja ya kununua. Alinisifu mbele ya wenzangu.

Nilianza kunakili Jumapili. Mtandao wa Butiama ni wa polepole, lakini haurudi nyuma. Programu ya kunakili hufuata alfabeti ya majina ya folda: ikizu, jita, kuria, swahili, zanaki. Nilipiga hesabu kwamba itamaliza Alhamisi jioni. Jumatatu nilimpigia shemeji, nikamwambia Ijumaa asubuhi, nikishahakiki, ndipo ataendesha skripti ya kusafisha.

"Ijumaa," alisema. "Nimeandika mkononi kwa kalamu. Nikioga imepotea."

"Andika kwenye karatasi."

"Karatasi zote unazo wewe."

Jumatano asubuhi nilipofika Bunda, kabla sijaingia kwenye mashine ya pale, nilimtumia ujumbe. Nina tabia ya kutanguliza maagizo. Skripti nilikuwa nimeshaiweka usiku uliotangulia, na sikutaka Ijumaa ifike nikiwa njiani bila mtandao. Ujumbe nimeutunza. Unasema hivi: "Shemeji, kazi ya kusafisha iko tayari kwenye mashine yako. Iendeshe mara moja. Ikiisha nitumie mistari mitatu ya mwisho."

Kwanza nilikuwa nimeandika "mara moja tu". Niliusoma ujumbe kabla ya kuutuma, kama ninavyofanya siku zote, nikaona ile "tu" haina kazi. Hata akijaribu mara ya pili, skripti itakataa. Nikaifuta. Nilikuwa nimezoea kukata silabi zisizo na kazi.

Sijui kama kuna lugha nyingine inayotumia maneno yaleyale kwa idadi na kwa haraka. Kwetu mtoto akiambiwa njoo mara moja, haji mara moja halafu asije tena, anakimbia. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto. Lakini neno lile lilikuwa limekaa juu ya ukurasa wa daftari langu miaka mingi, kwa herufi kubwa, lina maana moja, na nilikuwa nimeacha kulisikia.

Nilimaliza Bunda saa tano kasoro dakika ishirini. Nikatoa simu, nikakuta shemeji amenipigia mara mbili, saa nne kasoro dakika tano na saa nne na dakika tatu. Nikampigia nikiwa nimesimama mlangoni.

"Shemeji, salama?"

"Salama. Ila siku hizi umekuwa mkuu wa wilaya. Unatoa amri halafu simu hupokei."

"Nilikuwa ndani ya mashine."

"Hata mimi nilikuwa ndani. Kazi yako nimeimaliza. Chai yangu imepoa hapa, inzi wanaiogelea."

"Kazi ipi?"

"Ya kusafisha. Si umesema mara moja."

Niliegemea mlango. Kulikuwa na mama anauza karanga upande wa pili wa barabara, na nakumbuka nilihesabu mafungu yake. Yalikuwa tisa.

"Tulisema Ijumaa," nilisema.

"Ndiyo, tulisemaga Ijumaa. Leo ukaandika mara moja. Nikajua umebadilisha, umeona kuna hatari ya diski." Sauti yake ilianza kupungua kasi. "Ile orodha ilivyokuja nikaona folda ya dada. Nikasita. Ndiyo nikakupigia, hukupokea. Nikakupigia tena. Nikasoma ujumbe tena, mara moja. Nikasema, huyu hakoseagi. Nikaandika NDIYO."

"Nisomee mistari ya mwisho."

Alinisomea. Mstari wa kwanza ulikuwa idadi ya mafaili yaliyofutwa. Wa pili ulisema: makosa, sifuri. Wa tatu: nafasi imerudishwa.

"Si ulishahamisha?" aliuliza.

"Nimehamisha mpaka katikati ya swahili," nilisema. "Zanaki ilikuwa ya mwisho."

Nilisikia feni ya mashine kupitia simu, halafu nikasikia amekata.

Niliirudia logi ya kunakili iliyokuwa Musoma, nikiisoma kutoka Bunda. Ilikuwa imeendelea kwa utulivu mpaka saa nne na dakika kumi na mbili. Baada ya hapo ilianza kuandika mstari mmoja kwa kila faili, kwa Kiingereza chake kifupi, kwamba faili hili limetoweka. Faili hili limetoweka. Ilipitia folda nzima ya zanaki namna hiyo, tarehe kwa tarehe, kwa mpangilio. Kwa hiyo ninayo orodha kamili ya nilichopoteza.

Nilimpigia fundi mmoja wa Mwanza anayefufua diski. Faili likifutwa kwa kawaida huwa halijaondoka. Jina tu ndilo limefutwa, na mwili wake uko palepale mpaka kitu kingine kikae juu yake. Nilimweleza kila hatua. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye hatua ya mwisho ya skripti, ile niliyoiongeza kwa ukamilifu wangu, inayoiambia diski iachie kabisa nafasi iliyofutwa, mwili wa faili nao uondoke, si jina tu.

"Hiyo uliiweka wewe?" aliuliza.

"Mimi."

"Na diski ni ya kisasa, haina sahani inayozunguka?"

"Ndiyo."

"Mzee, ungekuwa umefuta kizembe ningekusaidia," alisema. "Wewe umefuta vizuri."

Nilimshukuru. Nilimaanisha.

Mchana uleule nilipanda basi, nikashuka Kiabakari, nikachukua boda mpaka Butiama. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha dada yake, mbele ya maiki, si kwenye kiti chake. Chai ilikuwa bado mezani.

"Nimewasha na kuzima mara tatu," alisema. "Nilijua ni ujinga."

"Si ujinga."

"Nitamwambiaje mama?"

"Mwambie ni mimi."

"Kidole ni changu."

"Neno ni langu."

Aliniangalia. Kwa miaka mingi mimi na yeye tumetaniana kama mashemeji wanavyotaniana. Hakuna siku alinipokea bila kunisema nguo, kilo, au karatasi. Siku ile alisimama, akachukua kikombe, akaenda kukimwaga nje, akarudi, akaniambia "Karibu kiti," kwa adabu, kama anavyomkaribisha mkaguzi.

Niliandika taarifa kwa katibu. Toleo la kwanza lilisema: opereta aliendesha kazi kabla ya muda uliokubaliwa. Kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa kweli. Nikaiacha usiku mzima, asubuhi nikaisoma, nikaona nimefanya nilichofanya maisha yangu yote, nimeondoa kipande kidogo ili kilichobaki kinyooke. Nikaandika upya: maagizo yalikuwa na maana mbili, mwandishi wa maagizo hakuwa anapatikana kwa sababu ya sheria yake mwenyewe, skripti iliuliza iko mashine gani lakini haikuuliza kama nakala imekamilika. Chini nikaongeza kufuli la nne, ambalo ningepaswa kuanza nalo: skripti yoyote ya kufuta iende yenyewe kuhesabu mafaili upande wa pili, na yasipolingana, isimame. Ni mistari sita. Niliiandika kwa robo saa.

Katibu alisoma, akasema, "Hapa sioni hasara kubwa. Vipindi vyote si vipo?"

"Vipo," nilisema.

"Basi Mungu mkubwa."

Nilikuwa na siku kumi kabla ya msalaba. Nilichukua vipindi vyote vilivyokamilika vya mke wangu, nikavisikiliza kimoja kimoja kuanzia cha kwanza, na daftari pembeni. Nilitafuta ga moja niliyoisahau. Nilitafuta kikohozi, kicheko, hata pumzi. Mtu aliyekata kwa miaka sita lazima awe amechoka siku moja, nilifikiri, au alikuwa na haraka, au umeme ulikuwa unakaribia kukatika. Nilisikiliza asubuhi kabla ya kazi na wakati wa chakula cha mchana. Sikupata. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri.

Kitu nilichopata ni mahali pa kukata. Ukivaa spika za masikioni na ukajua unatafuta nini, utasikia: "Nilikuwa," kisha kapengo kadogo kuliko kupepesa jicho, kisha "nadhani." Mdomo umejiandaa kusema kitu, halafu umeshasema kingine. Nilihesabu mapengo hayo. Niliacha kuhesabu nilipofika mia tatu na kumi na mbili, kwa sababu niligundua ninaanza kuyasikia hata mahali ambapo hayapo.

Niliona afadhali nimwambie mama mkwe kabla ya siku ile, kupitia shemeji. Shemeji alikwenda, akarudi na jibu fupi. Mama alikuwa ameuliza: je, zimeungua? Alipoambiwa hazikuungua, aliuliza: zimeibwa? Alipoambiwa hazikuibwa, hakuuliza tena.

Siku ya msalaba watu walikuja kutoka Nyamuswa, Musoma, wengine Tarime. Mchungaji alisali, saruji ikamwagwa, jina likasomwa. Baada ya chakula shemeji aliniomba spika niliyokuja nayo na kipindi nilichochagua, kile cha kuogesha ng'ombe, ambacho niliona ndicho chenye sauti yake ya karibu kidogo. Akaingia nayo ndani kwa mama yake. Mimi nilibaki nje, upande wa ukuta ambako kivuli kilikuwa kimefika, kwa sababu si mahali pangu kuingia.

Nilisikia kipindi chote kupitia dirisha. Dakika kumi na moja. Nilisikia "nilikuwa" ya kwanza, na pengo lake. Kilipoisha, mama mkwe alisema maneno machache kwa Kizanaki. Kizanaki changu ni cha mkwe. Salamu, ng'ombe, mvua. Lakini hayo niliyaelewa bila kufasiriwa. Alisema, huyu ni wa redio.

Shemeji akamjibu kitu. Kisha nikasikia mama akiongea tena, polepole, na neno moja moja la Kiswahili ndani yake. Alikuwa anamweleza binti yake mdogo namna dada yake alivyokuwa akisema alipokuwa msichana. Alimwigiza. Sauti ya mzee wa miaka themanini ikipandisha na kushusha sauti ya msichana: nilikuwaga naenda, nilikuwaga narudi, mama ulikuwaga wapi. Shemeji alicheka kidogo.

Sikuwa na kitu cha kurekodia ila simu. Simu ilikuwa mfukoni, na mkono wangu ulikwenda, ukarudi. Sikuwa nimealikwa.

Alipotoka alinirudishia spika, waya wake ameufunga vizuri. Tulisimama.

"Ameuliza," alisema, "kwa nini mlizifuta."

"Umemwambiaje?"

"Nimesema mashine ilijaa." Akatazama chini. "Akasema si mngenunua nyingine. Nikamwambia sijui bei yake."

Mimi niliijua. Nilikuwa nimeulizia maduka mawili Musoma kabla ya kumwambia katibu kwamba haina haja, na bei nilikuwa nimeiandika kwenye daftari, katika ukurasa wa kazi za mara moja, mbele yake nikaandika: imeokolewa. Mwisho wa mwezi, katika hesabu za kikundi, ilisomwa mbele ya wote. Shilingi laki mbili na elfu kumi.